Hamu Huita kwa Jina

Kiswahili hutenganisha mambo mawili ambayo watu wenye haraka huyachanganya, nayo ni njaa na hamu. Njaa ni haja ya tumbo. Mwenye njaa husema, "Nipe chakula," na ukimpa ugali au wali, mihogo au mkate, hula, hushiba, akashukuru. Hamu ni haja nyingine kabisa. Mwenye hamu anaweza kuwa ameshiba, tena ameshiba vizuri, na bado moyo wake ukamdai kitu kimoja tu. Hasemi kwamba ana hamu ya chakula. Husema ana hamu ya mtori, ana hamu ya bada kwa samaki, ana hamu ya mbaazi za nazi na maandazi ya asubuhi. Njaa haichagui. Hamu huchagua, na huchagua kwa jina.

Nimeona nianze na tofauti hiyo kwa sababu ndiyo msingi wa hoja yangu. Siku hizi katika miji yetu migahawa mipya inafunguliwa kwa wingi, na mingi inajinadi kwamba inapika vyakula vya asili, vyakula vya nyumbani, vyakula vya pwani au vya bara. Mimi ni mmoja wa wanaoifurahia. Nadai, hata hivyo, kwamba mgahawa unaopika chakula cha kwetu na kuliacha jina lake nje ya mlango unalisha njaa na kuiua hamu. Hamu ikifa, chakula chenyewe hakina siku nyingi.

Wenzangu wa rika langu, waliostaafu kama mimi, wengi hawataki hata kusikia habari za migahawa. Kwao chakula cha nje si chakula. Husema kwamba mtu mzima mwenye nyumba, mke au mume, na jiko lake, anatafuta nini kwenye meza ya kukodi? Naiheshimu kauli hiyo, lakini siifuati. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, na kweli kila nikisikia pamefunguliwa mahali papya, miguu huniwasha. Nimezaliwa Tanga, nimesomea ualimu chuoni, nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari za mikoa kadhaa hadi kustaafu, na kila nilikohamishiwa nilianza kuwajua watu kwa vyungu vyao kabla ya kuwajua kwa majina. Kilimanjaro nilijifunza mtori, kiburu na machalari. Usukumani nilitafuna michembe na matobolwa, yale makavu ya viazi vitamu, nikaelewa jinsi watu wanavyoweza kuuhifadhi msimu mmoja ili uwasaidie katika msimu mwingine. Dodoma nilikutana na mlenda. Bukoba nilipewa senene kwenye kisahani, na aliyenipa alinitazama usoni kuona kama mgeni atastahili.

Basi siandiki kama mtu anayeogopa mapya. Naandika kama mlaji anayeyapenda, na kwa sababu hiyo anayadai zaidi.

Hapa kwetu Tanga umefunguliwa mgahawa ambao sitautaja kwa jina, maana nia yangu si kuuharibia biashara, na makosa yake yako katika migahawa mingine mingi. Ni mahali pasafi, viti vya mbao vimepangwa chini ya mwembe, na upepo wa bahari unapita. Vyakula vyake ni vya kwetu hasa: bada, samaki wa kupaka, kisamvu cha nazi, vitumbua, mkate wa kumimina. Nami nakiri wazi kuwa mpishi anajua kazi yake. Bada ilikuwa laini bila madonge, na kisamvu kilitwangwa kikatwangika. Bada, kwa asiyeijua, ni ugali wa unga wa muhogo, chakula kikuu cha wengi wa huku kwetu. Lakini kwenye menyu hapakuwa na neno bada. Palikuwa na maelezo marefu kwa lugha ya kigeni, ambayo nikiyarudisha kwa Kiswahili yanasema "uji mgumu wa muhogo." Vitumbua viliitwa "vimipira vitamu vya mchele na nazi." Samaki wa kupaka alikuwa "samaki wa kuchoma katika mchuzi mzito." Kando ya kila maelezo palikuwa na namba. Nikamwambia kijana aliyetuhudumia, "Mwanangu, naomba bada." Akainama kwa adabu, akaipitia menyu kwa kidole, akasema, "Samahani mwalimu, ni namba saba?"

Haikuwa kazi yangu kumlaumu kijana. Yeye ametoka mkoa mwingine, ameajiriwa, na amefundishwa namba. Kilichonigusa kilitokea dakika chache baadaye. Dirisha la jikoni lilifunguka, sauti ya mama mpishi ikatoka: "Bada ya meza ya mwembe tayari!" Kumbe jina lilikuwapo. Lilikuwa hai, lilikuwa na sauti, lilikuwa umbali wa hatua kumi kutoka nilipoketi. Ila lilikuwa haliruhusiwi kupita dirishani pamoja na sahani. Jikoni ni bada, mezani ni namba saba.

Msomaji anaweza kuuliza: kuna hasara gani? Chakula ni kile kile, ladha ni ile ile, na mlaji ameshiba. Nitajibu kwa kuonyesha kile ambacho jina la chakula hubeba.

Kwanza, jina hubeba mapishi. Majina mengi ya vyakula vya pwani ni maelezo mafupi ya kazi ya mikono. Ukisema mkate wa kumimina, umekwisha kumwambia mtu kwamba mkate huu haukandwi ukasukumwa. Unga wake wa mchele na tui la nazi huwa majimaji, ukamiminwa chomboni. Ukisema samaki wa kupaka, umesema kwamba samaki hubanikwa kwanza, kisha rojo la nazi na viungo likapakwa juu yake, likarudiwa kupakwa. Andazi lenyewe limetoka katika kitenzi andaa. Urojo wa Unguja, ule wenye bajia, kachori na viazi ndani ya mchuzi wa ukali wa ukwaju na embe, jina lake ni la hali yake, maana kitu kizito kinachoteleza huitwa rojorojo. Siku hizi wako wanaouita "miksi", neno linaloweza kutumika kwa saruji, kwa muziki na kwa maji ya matunda. Urojo ni urojo tu. Jina hilo haliwezi kupachikwa kwenye saruji.

Pili, jina huwabeba na ndugu zake. Nyuma ya kila jina la chakula lipo kundi la vitenzi na nomino vinavyoishi kwa sababu chakula kile kinapikwa na kutajwa. Chungu huinjikwa au huteleka mekoni, kisha huipuliwa. Ugali husongwa, uji hukorogwa. Mihogo hutokoswa, samaki na nyama hubanikwa, kiazi huvumbikwa katika majivu ya moto. Wali hupaliwa makaa juu ya kifuniko ili ukauke vizuri, na chini yake hubaki ukoko ambao watoto hugombania. Nazi hukunwa kwa mbuzi, nayo machicha yakachujwa kwa kifumbu, tui zito la kwanza likaitwa kasimele. Chakula kikiiva hupakuliwa. Katika miaka yangu ya mwisho kazini niliwapa wanafunzi wa kidato cha pili zoezi dogo: kila mmoja aandike vitenzi kumi vya jikoni. Wengi walifika kupika, kuchemsha, kukaanga, kuchoma na kuoka, wakaishia hapo, wakaanza kutazamana. Watoto hao hawakuwa wavivu, na wengi wao walikuwa wakipika nyumbani kila siku. Mikono yao ilikuwa ikiinjika na kuipua, midomo yao ikisema "kuweka" na "kutoa". Hapo ndipo lugha inapopungua: kazi inabaki, neno lake linaondoka, na mahali pake panashikwa na neno moja la jumla linalotosha kwa kila kitu.

Tatu, jina hubeba wakati na watu wake. Chukua mtori. Menyu moja niliyoiona Dar es Salaam iliuita "supu ya ndizi", na kwa mantiki ya viungo haikukosea, kwa kuwa mtori ni ndizi na nyama vilivyopikwa na kupondwa vikawa supu nzito. Lakini kwa Wachaga mtori ni chakula cha mzazi. Mwanamke akijifungua hupewa mtori apate nguvu na maziwa. Anayeagiza mtori ameagiza pamoja nao kumbukumbu ya mama, shangazi na bibi waliokuwa wakiingia na kutoka katika chumba cha mzazi wakiwa na bakuli mkononi. Anayeagiza supu ya ndizi ameagiza supu ya ndizi. Kadhalika bokoboko, lile la ngano na nyama lililopikwa hata likawa kitu kimoja, kwa watu wa visiwani huvuta mawazo ya sikukuu na sherehe. Liite "uji wa ngano na nyama" uone kama kuna mtu atakumbuka sikukuu.

Kwa hiyo nasema tena: chakula cha hamu hakiwezi kutenganishwa na jina lake, kwa sababu hamu yenyewe ni kumbukumbu, na mlango wa kumbukumbu hiyo ni jina. Kijana aliyekula namba saba akaipenda, siku akiwa mbali na Tanga, atakuwa na hamu ya nini? Atamwambia nani kwamba ana hamu ya namba saba?

Zipo hoja za upande wa pili, na haki inataka tuzipime.

Ya kwanza ni ya wenye migahawa. Husema kwamba wageni hawaelewi majina yetu, na mgahawa bila mgeni mwenye fedha haudumu. Hoja hii ina uzito, maana biashara si shule. Lakini mgeni huyu tunamdharau kuliko anavyostahili. Mgeni anayekwenda Italia huagiza pizza kwa jina lake. Hakuna aliyemwandikia "mkate bapa wenye jibini". Anayekwenda Japani hujifunza kusema sushi. Majina hayo yameizunguka dunia kwa sababu wenyewe hawakuyaficha. Hata hapa kwetu, mgeni aliyefika Unguja akala pale Forodhani jioni, jambo la kwanza atakalolipenda kuwasimulia wenzake ni jina geni alilolijua. Jina ni sehemu ya alichokuja kukitafuta. Maelezo yawepo, tena kwa lugha yoyote itakayomsaidia, lakini yakae chini ya jina kama mkalimani anavyokaa kando ya msemaji. Mkalimani hakai kwenye kiti cha msemaji.

Ya pili ni hoja ya wasomi, nayo ni nzito zaidi. Husema kwamba Kiswahili kimekuwa kikipokea majina ya kigeni ya vyakula tangu zamani, kwa hiyo kulalamikia lugha ya kigeni kwenye menyu ni unafiki. Kweli, mezani petu wamejaa wageni. Chapati na achari zimetoka Bara Hindi. Pilau na biriani asili yake ni Kiajemi. Kaimati ni Kiarabu, na maana yake ni vijitonge. Halua ni Kiarabu, na utamu umo ndani ya jina. Hata mazao yenyewe yamesafiri: muhogo ulitoka Amerika ukaletwa Afrika na Wareno, na mahindi, ambayo jina lake linatuelekeza India, asili yake ni Amerika vilevile. Bada ninayoitetea kwa nguvu hivi imesongwa kwa unga wa mgeni.

Sioni unafiki hapo. Naona mambo mawili tofauti yanayopewa jina moja. Chapati ilikuja na jina lake; tukalipokea jina pamoja na chakula, tukalivika sauti zetu, tukasema chapati hii, chapati hizi, likawa letu. Huko ndiko kukopa, na lugha isiyokopa hudumaa. Muhogo ulikuja kama zao, nasi tukaupa maisha mapya na majina mapya: bada kwetu Tanga, kisamvu kwa majani yake, makopa kwa vipande vyake vilivyokaushwa. Huko ndiko kubuni. Lakini kuchukua chakula ambacho tumekibuni, tumekipa jina na tumelitumia jina hilo vizazi kwa vizazi, kisha kulivua jina na kukivalisha maelezo ya kukodi ili kionekane cha maana, huko si kukopa wala kubuni. Akopaye huongeza kwenye kapu lake. Huyu anapunguza.

Ya tatu ni hoja ya wenzangu wazee: kwamba majina haya ni mali ya nyumbani, tuyahifadhi nyumbani, migahawa ifanye itakavyo. Hoja hii inavutia, ila imechelewa. Nyumba za leo si zile tulizokulia. Baba na mama wanatoka alfajiri na kurudi magharibi. Wengi wamepanga chumba kimoja, hawana ua wa kutwangia kisamvu wala mahali pa kuweka kinu. Mkate wa mofa unataka tanuri lake la udongo. Nani atalijenga ghorofani? Vyakula vyenye kazi ndefu vimeanza kuhama kutoka majumbani kwenda kwa wale wanaovipika kwa biashara, na hilo si baya hata kidogo. Kabla ya migahawa hii ya viti vya mbao, waliokuwa wakiifanya kazi hiyo ni akina mama lishe chini ya miti na kando ya vituo vya mabasi, ambao bado wanaifanya. Tazama jina lao lingine, mama ntilie. Ni sentensi nzima: mama, nitilie. Limezaliwa midomoni mwa wenye njaa, likapokewa na taifa zima. Kwa mama ntilie hakuna menyu ya karatasi, na kwa hiyo hakuna jina lililopotea. Unauliza kuna nini leo, naye anakutajia: kuna wali maharage, kuna makande, kuna ndizi nyama. Menyu yake ni ulimi wake. Migahawa mipya imeongeza meza, feni na risiti. Haikulazimika kupunguza majina.

Na upo ushahidi kwamba jina likirudishwa chakula hurudi nalo. Majirani zetu wa Kenya walishtuka kuona mboga za asili na mapishi yake yanasahaulika, vijana wakiyaona ni mambo ya kimaskini. Kuanzia mwaka 2007, kwa ushirikiano na UNESCO na wanasayansi, waliwashirikisha hata wanafunzi wa shule za msingi katika kuorodhesha vyakula vya asili vya jamii zao. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi hiyo ya Kenya katika rejista ya mifano bora ya kuhifadhi urithi wa utamaduni usioshikika. Leo ukiingia mkahawani Nairobi utamsikia mtu mwenye tai shingoni akiagiza managu au terere bila haya. Hakuagiza "mboga za kijani". Aliagiza kwa jina, na mkulima aliyeko shambani anajua la kupanda kwa sababu mlaji aliyeko mjini anajua la kuita.

Isidhaniwe kwamba ninataka majina yafanane kila mahali. Kinyume chake. Ugali wa Dar es Salaam ni sima Mombasa, na ukivuka ziwa hadi Bukavu utasikia bugali. Kisamvu chetu ni sombe kwa Waswahili wa Kongo mashariki, na isombe kwa Wanyarwanda na Warundi. Maandazi yetu yana ndugu zao mahamri huko Mombasa, yenye iliki na tui, na Wamombasa hawatakubali ukiwaambia ni kitu kimoja. Wasikubali. Mgahawa wa Mombasa uandike mahamri, wa Tanga uandike bada, wa Moshi uandike kiburu, na mimi mlaji nijifunze ninapofika. Utajiri wa lugha yetu ndio huo, na raha ya kusafiri ndiyo hiyo. Menyu zinazoeleza vyakula vyote kwa maneno ya jumla zimetuahidi ladha za mikoa zikatupa mkoa mmoja usiojulikana ulipo.

Nini kifanyike? Sipendekezi sheria wala faini. Kamusi zetu zimefanya sehemu yake. Tangu Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 hadi zilizofuata, mengi ya maneno haya yamo. Lakini neno ndani ya kamusi ni kama ng'onda: limekaushwa lisiharibike, linangoja mtu wa kulitia majini na kulipika. Wa kulipika ni sisi.

Wenye migahawa nawaomba jambo moja jepesi lisilogharimu zaidi ya wino. Andikeni jina kwanza, kwa herufi zinazosomeka, kisha maelezo yafuate. Na wahudumu wenu wafundisheni majina kabla ya namba. Kijana anayeweza kueleza kwa nini mkate unaitwa wa kumimina atamfanya mgeni arudi kesho kuliko anayenyoosha kidole kwenye picha. Kizuri chajiuza, lakini lazima kijulikane kinaitwaje.

Walimu wenzangu mlio bado kazini, watumeni wanafunzi jikoni na daftari. Waulize bibi, waulize mama lishe, waulize mpishi wa mgahawa wa jirani: hiki kinaitwaje, na hiki kinafanywaje? Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, shule zetu zimekuwa zikiiadhimisha kwa hotuba na ngonjera, mambo mazuri. Siku hiyo iwe pia siku ya kupakua. Mwanafunzi alete chakula kimoja cha kwao, asimame mbele ya wenzake, akitaje jina na aeleze kilivyopikwa, bila kutumia kitenzi "weka".

Na sisi walaji tuna silaha kubwa kuliko wote, maana anayelipa ndiye anayesikilizwa. Tusiwakimbie wapya. Twende, tukae, tuonje, tuwasifu wanaostahili. Ila tuagize kwa jina. Tukiambiwa namba saba, tuseme kwa upole, "Ndiyo, mwanangu, hiyo bada." Aliyesikia mara moja anaweza kusahau, aliyesikia kila siku kutoka kila meza atajikuta analisema mwenyewe. Jifya moja haliinjiki chungu. Mpishi ana lake, mwenye mgahawa ana lake, na mlaji ni la tatu.

Kwa kuwa waungwana wa hapa hawakubali hoja isiyosindikizwa na ubeti, nami nimejikongoja na huu mmoja. Watunzi wenye nguvu kunishinda wauendeleze, kila mtu kwa chakula cha kwao:

Kitumbua kina jina, lililotoka jikoni,
Mtori humpa mwana, maziwa ya kifuani,
Bada twaisonga sana, kwetu Tanga mwambaoni,
Wauzaji waungwana, majina yaandikeni.